Tuhuma za silaha za kemikali vitani: mwongozo kamili wa uchunguzi, kuanzia saa ya kwanza hadi mahakamani

Januari 1992, askari wa serikali ya Msumbiji waliokuwa wakiishambulia kambi ya waasi wa Renamo pale Ngungue, karibu na mpaka wa Afrika Kusini, walisema kitu kililipuka juu ya vichwa vyao na kutoa moshi mweusi. Baada ya muda wengi wakalalamika joto lisilovumilika, kifua kuuma na kiu kali, na baadhi yao wakafa. Serikali iliomba uchunguzi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakafika Machi. Ripoti yao ilisema dalili zile zinalingana na sumu ya jamii ya atropini, na zinalingana vilevile na mwili kuzidiwa na joto, na kwamba bila vipimo vya maabara vilivyochukuliwa mapema hawana namna ya kuamua. Jambo likaishia hapo.

Tukio hilo la kusini mwa jirani yetu linaonyesha ugumu wote wa kazi hii. Hatima ya uchunguzi huamuliwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwepo kabla mchunguzi hajapanda ndege: muuguzi wa zamu, mwandishi wa redio ya jamii, mtetezi wa haki za binadamu, mlinda amani aliye doria. Waswahili wengi wako kwenye kazi hizo, nyumbani na ughaibuni. Hao ndio ninaowaandikia, nikitumia zaidi mfano wa Syria, kwa kuwa hakuna vita vya karne hii vilivyochunguzwa kwa undani kama vile.

Kwanza, usife wewe

Klorini na sarini, sumu ya neva, zote ni nzito kuliko hewa. Hushuka mabondeni, mitaroni na kwenye vyumba vya chini ya ardhi, mahali ambapo watu hukimbilia wakisikia mabomu. Kwa hiyo kanuni ya kujificha chini, inayookoa watu wakati wa makombora ya kawaida, hapa inaua. Panda juu, na uende upande upepo unakotokea.

Majeruhi avuliwe nguo nje ya jengo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, ndipo aingizwe ndani. Baada ya shambulio la sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, wahudumu wengi wa hospitali walipata dalili kwa sababu wagonjwa waliingizwa wodini na nguo zao, na mvuke ukawafuata humo. Nguo hizo ni hatari, lakini ni ushahidi pia. Zisichomwe moto. Zitiwe kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfuko huo utiwe ndani ya mwingine, ufungwe na kuandikwa jina au namba ya mgonjwa, tarehe, saa na jina la aliyeufunga, kisha uhifadhiwe nje, mbali na watu, mahali pa kufungwa kwa ufunguo.

Hospitali: andika kabla ya kutibu, hata kama ni mstari mmoja

Kwa sumu ya neva kama sarini, tazama mboni za macho. Husinyaa mpaka zikabaki nukta, hata gizani. Mgonjwa hutokwa mate, kamasi na jasho, misuli humchezacheza, hupata degedege na kushindwa kupumua. Gesi ya haradali ni tofauti kabisa: mtu anaweza kujiona mzima kwa saa kadhaa, ndipo macho yawe mekundu na ngozi itoke malengelenge. Klorini huchoma macho na koo papo hapo, hukohoza na kujaza maji mapafuni, na harufu yake ni ile ya dawa ya kung'arishia nguo.

Atropini, dawa inayookoa aliyevuta sarini, hupanua mboni. Ukimchoma mgonjwa sindano kwanza na kuandika baadaye, umemwokoa, ila ile dalili iliyo wazi kuliko zote imefutika kwenye rekodi. Sisemi uchelewe kutibu. Muuguzi mmoja ashike kalamu, au simu ya kurekodi sauti, ataje: saa tisa usiku na dakika kumi, mwanamume wa makamo, mboni nukta, povu mdomoni, hana jeraha. Hayo maneno mawili ya mwisho yana uzito mkubwa, kwa sababu maiti na majeruhi wengi wasio na jeraha ndio jambo la kwanza mchunguzi huliuliza.

Damu ichukuliwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande, na ikae kwenye friji bila kugandishwa. Mkojo ugandishwe. Kila kichupa kiwe na namba inayofanana na ile ya faili. Sarini yenyewe hutoweka mwilini haraka, lakini hujinasa kwenye protini za damu, na maabara nzuri inaweza kuikuta humo wiki kadhaa baadaye. Mabaki yake kwenye mkojo hutoweka mapema zaidi.

Eneo la tukio: kazi yako ni kulilinda

Hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi. Mtu anaokota kipande cha roketi, anakipeleka barazani, kinapigwa picha kikiwa mezani, kesho kiko kwenye gari la mtu mwingine. Timu ya Umoja wa Mataifa ilipoingia Ghouta, pembezoni mwa Damascus, Agosti 2013, iliandika wazi kwamba watu wengi walikwishapita katika maeneo yale na kwamba vipande vilionekana kushikwa na kusogezwa.

Usiguse. Risasi na mabomu ambayo hayajalipuka yapo, na sumu inaweza kuwa bado ndani. Weka watu mbali, weka mtu wa kuangalia, andika nani aliingia na saa ngapi. Mvua ikitishia, funika shimo la mlipuko kwa turubai, kama tu unaweza kulifikia kwa usalama na una kinga. Wanyama waliokufa, majani yaliyobadilika rangi na chuma kilichopata kutu ghafla vyote vipigwe picha pale pale vilipo.

Nimeulizwa mara nyingi kama raia achukue udongo mwenyewe. Jibu langu ni hapana, ila pale ambapo hakuna tumaini la mchunguzi kufika na yupo mtu aliyefunzwa. Ikibidi, tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chukua udongo wa ndani ya shimo, na kwa kijiko kingine chukua udongo wa aina hiyo hiyo mbali kidogo, upande upepo ulikotokea. Bila sampuli hiyo ya pili ya kulinganisha, ya kwanza haina nguvu, maana hakuna atakayejua kama kilichokutwa kilikuwemo ardhini tangu zamani. Piga video mfululizo, bila kukata, tangu chupa ikiwa tupu mpaka imefungwa na kutiwa saini.

Aliyewahi kufuatilia kesi ya dawa za kulevya Tanzania anajua namna inavyoanguka: unga ulikamatwa, Mkemia Mkuu wa Serikali akathibitisha, lakini haijulikani bahasha ilikaa kwa nani kati ya kituo cha polisi na maabara. Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo umekatika, mshtakiwa anarudi nyumbani. Huku ni hivyo hivyo, isipokuwa mshtakiwa ni serikali yenye mawakili na mabalozi. Kila anayepokea aandike jina, saa, mahali na hali ya lakiri. Kwa Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, OPCW, sampuli zilizochukuliwa na timu yake yenyewe ndizo zenye uzito wa kwanza. Zilizoletwa na wengine huweza kupokelewa, na ripoti hutaja wazi zilikotoka na kwamba timu haikuzishuhudia zikichukuliwa.

Picha na video

Piga eneo zima kwanza, kutoka pande nne, alama zinazotambulika zikiwemo: mnara wa msikiti, tangi la maji, kona ya barabara. Kisha sogea. Weka rula au kalamu kando ya kipande cha silaha ili ukubwa ujulikane. Namba na maandishi ya chuma yapigwe karibu, mara kadhaa, kwa mwanga wa ubavuni.

Faili ya awali usiifute wala kuipunguza. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za ndani za saa na mahali huondolewa, kwa hiyo nakili kwenye kadi au diski, na simu yenyewe ihifadhiwe kama inawezekana. Usipachike nembo, usiongeze muziki wala maandishi juu ya video. Najua shauku ya kutaka dunia ione usiku huo huo. Rusha nakala, tunza ya awali.

Mashahidi

Zungumza na mmoja mmoja, faragha, baada ya kumweleza utafanyia nini maneno yake na kupata ridhaa yake. Usimtajie jina la gesi. Ukiuliza "Ulinusa klorini?" umeshampa jibu. Uliza aliona nini, alisikia nini, alinusa nini, na mwache amalize. Mwulize alikuwa wapi alipoona hayo, kisha mchoree ramani au mwache achore mwenyewe. Sauti ya helikopta kabla ya mlipuko, au kutokuwepo kwa sauti yoyote, inaweza kuja kuamua swali la nani alifanya.

Majina yakae mbali na maelezo, katika daftari au faili nyingine iliyofungwa. Watu wamewindwa kwa sababu ya walichosema.

Nani ana mamlaka ya kuja

Itifaki ya Geneva ya 1925 ilikataza kutumia gesi za sumu vitani, lakini haikuweka chombo cha kuchunguza. Italia ilimwaga gesi ya haradali Ethiopia mwaka 1935 na 1936, Haile Selassie akasimama mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, Juni 1936, akaeleza ndege zilivyowanyunyizia watu wake sumu, na hakuna aliyewajibishwa. Pengo hilo lilianza kuzibwa Iran ilipolalamika dhidi ya Iraki: Machi 1984 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alituma wataalamu wanne, wakathibitisha gesi ya haradali na tabuni, sumu nyingine ya neva. Mwaka 1987 Baraza Kuu likampa Katibu Mkuu mamlaka rasmi ya kuchunguza madai yanayoletwa na nchi yoyote mwanachama.

Njia ya pili ni Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997 na sasa una nchi 193, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwanachama aliyeshambuliwa anaweza kuomba msaada OPCW, yenye makao yake The Hague. Mkataba unamtaka Mkurugenzi Mkuu aanzishe uchunguzi ndani ya saa 24 na kuukamilisha ndani ya saa 72, muda unaoweza kuongezwa. Upo pia ukaguzi wa changamoto, ambapo nchi moja inaweza kudai nyingine ikaguliwe papo hapo. Haujawahi kutumika, na kwangu hilo ni aibu ya mfumo mzima.

Raia, gazeti au shirika la kiraia haliwezi kuamuru uchunguzi. Linaweza kupeleka taarifa kwa wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyo tayari kuomba, kwa ofisi ya Katibu Mkuu, au kwa OPCW moja kwa moja. Taarifa hiyo iwe na mahali, saa, idadi, dalili na orodha ya ushahidi uliopo. Neno "tunaamini" lisiwemo.

Timu ikifika: Ghouta, siku kwa siku

Timu ya Umoja wa Mataifa chini ya Åke Sellström, mwanasayansi wa Sweden, ilifika Damascus tarehe 18 Agosti 2013 kuchunguza tuhuma za nyuma, kubwa ikiwa ya Khan al-Assal ya mwezi Machi. Siku tatu baadaye, alfajiri ya tarehe 21, maroketi yalianguka Ghouta, kilomita chache kutoka hoteli yao. Hata hivyo hawakuingia mpaka tarehe 26, baada ya makubaliano ya kusitisha mapigano kwa saa tano kila siku. Siku hiyo ya kwanza wakielekea Moadamiyah, wadunguaji walilipiga gari la mbele la msafara likaharibika. Walibadilisha gari wakaendelea. Tarehe 28 na 29 waliingia Zamalka na Ein Tarma.

Fikiria saa tano hizo. Wapo waliohoji manusura na madaktari, zaidi ya watu hamsini kwa jumla. Wapo waliochukua damu, mkojo na nywele. Wengine walichukua sampuli 30 za udongo na mazingira, wakapima mashimo, na kwa dira wakasoma uelekeo wa roketi pale ambapo lilipenya kizuizi kwanza kisha likajichimbia ardhini, kwa kuwa alama mbili kwenye mstari mmoja huonyesha lilikotokea. Walitambua maroketi ya aina mbili, moja la milimita 140 na jingine la milimita 330. Waliangalia hata hali ya hewa: kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri joto lilikuwa linashuka, hewa haikuwa inapanda, hivyo gesi ilitambaa chini na kuingia vyumba vya chini walimolala watoto.

Ripoti ilichapishwa tarehe 16 Septemba. Asilimia 85 ya sampuli za damu zilikutwa na sarini. Maneno ya ripoti yalikuwa "ushahidi wa wazi na wa kushawishi". Haikusema nani alirusha, kwa sababu hati ya kazi yao haikuruhusu.

Sio kila mara timu huingia. Mei 2014 msafara wa OPCW ulishambuliwa ukielekea Kafr Zita. Kwa shambulio la Khan Shaykhun la tarehe 4 Aprili 2017 timu haikukanyaga eneo lenyewe. Wachunguzi walihudhuria upasuaji wa maiti tatu nchini Uturuki, wakahoji manusura huko, na damu ya waathirika ikathibitisha sarini. Hapo ndipo utaona thamani ya muuguzi na kichupa chake chenye lakiri.

Maabara

Sampuli hugawanywa, na hupelekwa kwenye maabara zisizopungua mbili, zilizofaulu mitihani ya OPCW na zilizo katika nchi tofauti. Hufungashwa pamoja na sampuli tupu na zile za kupimia umakini, bila maabara kuambiwa ipi ni ipi. Majibu yakitofautiana, hayatumiki mpaka tofauti ieleweke.

Mara chache hutafutwa gesi yenyewe. Sarini ikikutana na maji huvunjika na kuacha asidi ya isopropili methilifosfoniki, ambayo haitokani na dawa ya wadudu yoyote ya shambani. Gesi ya haradali huacha thiodiglikoli. Klorini ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hupeperuka na chumvi za klorini ziko kila mahali, hivyo wanakemia huangalia mbao na rangi za ukuta, kutafuta misombo inayojengeka klorini inapokutana na utomvu wa mti. Udongo wa Birjinni, kijiji cha Wakurdi wa Iraki kilichoshambuliwa Agosti 1988, ulipimwa kwenye maabara ya Porton Down, Uingereza, miaka minne baadaye, ukakutwa na mabaki ya gesi ya haradali na sarini. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu muda umepita, mradi mashimo hayajafukuliwa.

Na ipo hatari ya upande wa pili, ya kuona sumu isiyokuwepo. Mwaka 1981 Marekani ilitangaza kwamba "mvua ya njano" iliyoanguka Laos na Kampuchea ilikuwa silaha ya sumu ya ukungu kutoka Urusi ya Kisovieti. Wanasayansi, Matthew Meselson akiwa mbele yao, walichunguza madoa hayo kwenye majani wakakuta chavua ambayo nyuki walikwishaimeng'enya: kinyesi cha nyuki. Sampuli chache, zilizopita mikono mingi, pamoja na mahojiano yenye maswali ya kuongoza, viliweza kuishawishi serikali kubwa.

Swali la nani

Kuthibitisha kwamba gesi ilitumika na kusema nani aliitumia ni kazi mbili, na ya pili ndiyo siasa hupigana nayo. Azimio 2235 la Baraza la Usalama, Agosti 2015, liliunda timu ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na OPCW. Timu hiyo ililaumu serikali ya Syria kwa Khan Shaykhun, na kundi la Dola la Kiislamu kwa gesi ya haradali Marea. Novemba 2017 Urusi ilitumia kura ya turufu, timu ikafa. Nchi wanachama wa OPCW zilikutana Juni 2018 zikaipa sekretarieti yao yenyewe mamlaka ya kutaja wahusika.

Timu mpya ilichukua muda. Ripoti yake kuhusu Douma, ambako watu 43 waliotambuliwa kwa majina waliuawa tarehe 7 Aprili 2018, ilitoka Januari 2023. Ilisema kuna sababu za msingi za kuamini kwamba helikopta ya jeshi la anga la Syria iliangusha mitungi miwili ya njano ya klorini juu ya majengo mawili ya makazi. Ilijaribu kwanza kila maelezo mbadala, pamoja na dai kwamba mitungi iliwekwa pale kwa mkono, ikilinganisha matundu ya paa, mikunjo ya chuma na mahesabu ya wahandisi. Ukisoma ripoti ya namna hii, anza na sehemu hiyo. Ripoti isiyojaribu maelezo ya mtuhumiwa isikutoshe.

Kuhifadhi kwa ajili ya mahakama

"Sababu za msingi za kuamini" ni kiwango cha chini kuliko kile cha mahakama ya jinai. Frans van Anraat, mfanyabiashara wa Uholanzi aliyeiuzia Iraki thiodiglikoli, alihukumiwa mwaka 2005, miaka 17 baada ya shambulio la gesi la Halabja, mji wa Wakurdi wa Iraki. Ufaransa ilitoa hati ya kumkamata Bashar al-Assad Novemba 2023 kwa ajili ya Ghouta. Julai 2025 mahakama yake ya juu ikaifuta kwa kuwa alikuwa rais aliye madarakani ilipotolewa, huku ikiacha mlango wazi kwa hati mpya. Panga basi kutunza kwa miongo.

Weka nakala sehemu mbili katika nchi mbili. Mtu zaidi ya mmoja ajue nywila. Kwa Syria, chombo kilichoundwa na Baraza Kuu Desemba 2016 hupokea na kutunza ushahidi wa aina hii kwa niaba ya waendesha mashtaka.

Utawala wa Assad ulianguka tarehe 8 Desemba 2024, na maghala, kambi na ofisi zikabaki wazi. Anayeingia ofisi kama hizo asichomoe karatasi inayomvutia. Apige picha ya chumba, ya kabati, ya faili likiwa mahali pake na ya jalada lake, ndipo afungue ukurasa mmoja mmoja bila kubadilisha mpangilio, kwa sababu amri ya kupakia helikopta ikitolewa peke yake ni karatasi tu, na ikibaki kati ya barua iliyoitangulia na iliyoifuata, inamtaja aliyeitoa.